Gauni la Kijani na Mafungu Matatu

Jumapili, 1 Julai 1973

Baridi! Ukungu umefunika Newala nzima, mbuzi wetu anaonekana kichwa tu. Siku nzuri ya kuanza hila.

Nieleze vizuri, maana hata daftari lina haki ya kujua. Jumamosi ijayo ni Saba Saba. Sisi wa sekondari tulio likizo tunakwenda Masasi kusoma ngonjera mbele ya watu wote. Reginald ni Mkulima. Mimi ni Kupe, mnyonyaji wa jasho la watu. Hakuna msichana aliyetaka kuwa Kupe, nami sikuwa na ujasiri wa kukataa. Sawa. Lakini hata kupe ana haki ya kupendeza, hasa akisimama karibu na Reginald. Na kabatini kwa Mama kuna gauni la kijani la krimplini, na mkanda wake, linapita magoti kwa heshima zote. Mama hajalivaa tangu amzae Dastani, mdogo wangu. Dastani sasa anachunga mbuzi.

Kuomba? Siwezi. Mbele ya Mama ulimi wangu hugeuka jiwe. Mara ya mwisho nilikwenda kuomba viatu, nikajikuta naomba chumvi. Akanipa chumvi.

Ila nimesoma! Kitabu chetu cha sayansi kimu, cha Kiingereza, kinafundisha kupanga kabati la nguo la mwanamke. Mafungu matatu: ya kuweka, ya kushona, ya kutoa. Nguo isiyovaliwa mwaka mzima itolewe. Basi gauni litaangukia fungu la kutoa lenyewe, mimi sijasema neno. Mama atageuka kutafuta maskini wa kumpa. Maskini atakuwa amesimama hapo hapo.

Nimemwambia Mama ni kazi ya likizo. Amesema haya, panga, ila nisimpotezee kitu.

Jumatatu, 2 Julai

Mama alipokwenda zahanati (yeye ni mkunga) nilimwaga nguo zote kitandani. Ajabu! Mama anavaa nguo nne tu, zote zimepauka. Kilichobaki hakijavaliwa, na kadiri kilivyo kizuri ndivyo kisivyovaliwa. Kanga mpya bado ngumu kwa wanga. Kitenge cha harusi ya nani sijui. Kitabu hakikusema lolote juu ya mtu wa namna hii. Nadhani Ulaya hawana.

Kanga nimezirudisha, mimi si mwizi. Lakini gauni likikaa peke yake kwenye fungu la kutoa litazua maswali. Nikalitafutia wenzake: sketi, blauzi, koti la mvua lisilo na vifungo. Juu nikaweka karatasi: KUTOA. Mkanda wa gauni nimeuficha chini ya godoro langu. Kama malipo ya awali.

Chini kabisa ya kabati palikuwa na bafta nyeupe, ndefu, safi, inanukia karafuu maiti. Kitabu kinasema karafuu maiti hufukuza nondo. Nikamsifu Mama kimoyomoyo. Kitabu pia kinashauri pazia la ndani la kukinga vumbi, na vumbi la huku kila mtu analijua. Nimepima. Sikukata, nimekunja na kupiga bandi tu. Katikati nimetarizi waridi jekundu.

Limependeza mno. Nimefungua na kufunga mlango mara nyingi bila sababu.

Jumanne, 3 Julai

Maafa.

Bibi, mama yake Mama, amekuja kutazama maajabu ya msomi. Bibi ni Mwislamu, Baba ni wa kanisani, chungu kimoja. Vitu vyake vya maana huviweka kwenye kabati hili kwa kuwa ndilo pekee nyumbani lenye ufunguo. Hilo sikulifikiria.

Akalishika pazia. Akalinusa. Akauliza nani kashona. Nikasema mimi, kwa majivuno. Akauliza hili ua gani. Nikasema waridi. Akakaa kitandani, juu ya fungu la kuweka, akasema taratibu kwamba amezika waume wawili na ndugu wasio na idadi, ila hajapata kuona kabati limevishwa sanda, tena yake.

Sanda! Anaitunza tangu mwaka wa Uhuru! Nilitaka kufa pale pale, ila nguo ya kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Kisha Bibi akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza, malaika wakimhoji kaburini, aseme hili ua tumboni ni la chama gani? Hukumu: nifumue, nifue, nirudishe kama ilivyokuwa.

Kufua, Newala! Maji yako bondeni. Nimeteremka na ndoo, nimepanda na ndoo, ili nifue sanda ya mtu mzima mwenye afya. Kila mama niliyepishana naye aliuliza nafua nini. Nguo ya Bibi, nikasema. Wakanisifu, mjukuu mwema.

Niliporudi, fungu la kutoa halipo.

Mama alikuwa amepita, kaiona karatasi yangu, kafurahi. Akina mama wa mtaa wanakusanya nguo za wakimbizi waliovuka Ruvuma kukimbia vita ya Mreno. Amefunga fungu lote, amelipeleka. Akanikumbatia! Eti gauni la kijani alikuwa hana moyo wa kulitoa, na mimi ndiye niliyempa moyo.

Nimempa moyo. Mimi!

Jumatano, 4 Julai

Nguo zinakusanywa kwa Mama Claudia. Claudia tunasoma darasa moja. Yeye haoni haya hata kidogo; nadhani haya zangu ni zile alizopaswa kugawiwa yeye. Katika ngonjera ni Msimulizi, na husema sentensi za Reginald kabla hajazisema.

Mpango: niende, niseme pana kosa dogo, nichukue gauni, nirudi. Njia nzima nilirudia maneno kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Nimefika. Shikamoo Mama Claudia. Marahaba, mwanangu. Claudia akajitokeza kwenye lundo la nguo, mikono kiunoni, akauliza mtakatifu wetu ameleta nini tena, maana jana mama yake alinisifia, Bertila hivi, Bertila vile, mpaka ugali ukapoa. Watu wote wakanitazama mikononi. Mikono mitupu.

Nikavua sweta langu nikampa.

Nimerudi nyumbani natetemeka kwa baridi. Mama ameuliza sweta liko wapi. Nilipomwambia, machozi yakamlengalenga. Anasema nisizidishe.

Alhamisi, 5 Julai

Nilikuwa na mpango wa tatu, mzuri kuliko yote. Haukuhitajika. Gauni limekuja lenyewe.

Limekuja limevaliwa. Ndani yake ni Josephina, mkimbizi, hanizidi umri sana, mtoto mgongoni. Mama amekutana naye zahanati, akamleta aje kumwona aliyelitoa gauni. Linamkaa kama alipimwa. Mimi lingenipwaya kifuani, nasema ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma.

Bibi akaanza kumhoji kwa Kimakonde: wa kwa nani, mama yake wa ukoo gani. Hawajamaliza kunywa uji, wamegundua ni ndugu! Mtoto wa mgongoni ataniita mimi mama mdogo. Josephina akasimulia walivyovuka mto usiku, yeye ana kaniki moja tu mwilini, na ncha yake kamfunika nayo mtoto kichwani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru.

Nilitaka kusema neno zuri. Nikamuuliza kama ana chumvi.

Hana. Mama akampa.

Halafu Bibi akalitazama gauni, akanitazama mimi, akasema anavyokumbuka lilikuwa na mkanda. Jicho la Bibi! Nikaenda chini ya godoro. Nikasema nilikuwa nautunza usipotee. Bibi akasema naam, mjukuu wangu hodari wa kutunza vitu vya watu.

Josephina akaufunga. Amependeza, basi. Nimekula ugali mwingi kwa huzuni.

Jumamosi, 7 Julai. Masasi

Tumekuja kwa lori, juu ya magunia. Nimevaa sare ya shule, nimekata tamaa, nimejiandaa kudharauliwa.

Mwalimu akatuita nyuma ya jukwaa. Akasema Kupe hawezi kusimama mwembamba hivi, amekula jasho la nani? Akatoa gunia la korosho lenye matundu matatu, ya kichwa na mikono. Akaniingiza ndani. Akajaza majani makavu tumboni mpaka nikawa pipa. Gunia lilifika vifundoni. Ningevaa gauni la kijani, la dhahabu, au sanda ya Bibi, pasingeonekana hata uzi!

Reginald ndiye aliyenifunga kamba kiunoni. Akaniuliza kama inabana. Nikasema inabana, ingawa haikubana, ili aifunge upya.

Tukapanda. Watu! Ulimi ukawa jiwe. Nikatetemeka, majani yakaanza kudondoka chini ya gunia. Mzee mmoja akapiga kelele kwamba tazameni, mnyonyaji anaogopa wananchi, anajiharishia! Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na Josephina, aliyekuja na kikundi chao cha kuimba, alisimama mstari wa mbele, kijani tupu, akipiga vigelegele kwa ajili ya mama mdogo.

Kwenye gunia hakuna anayekuona uso vizuri. Nikafungua mdomo. Maneno yote yakatoka, mpaka ya Claudia nikayasema. Reginald amesema hajapata kuona kupe kama mimi.

Jumapili, 8 Julai. Chiwata

Mimi na Mama, aliyekuja Masasi kututazama, tumelala njiani kwa shangazi Bernadeta, dada yake Baba. Mama amemsimulia habari ya kabati, bila kusahau sanda. Shangazi amecheka, kisha akafungua kabati lake. Limejaa mpaka mlango unalalamika! Ameomba nibaki siku mbili nimpangie kitaalamu.

Nyuma ya makoti nimeona viatu vyeupe vya kisigino. Namba yangu. Vumbi juu.

Nimekubali. Nimeshaligundua kosa, nalo si langu, ni la kitabu. Mafungu matatu hayatoshi. Kesho yatakuwa manne, na la nne dogo tu, karibu na mlango, litaitwa VYA MPANGAJI.