Vitundu Kumi vya Milango ya Chef

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Mvua tangu alfajiri. Mbao za spika zimevimba! Wiki tatu zilizopita nilimkatia Chef Dominique, mkubwa wa ofisi yetu ya elimu hapa Kasongo, mbao mbili za mviringo za triplex, yaani plaiwudi. Nikazifunga ndani ya milango ya mbele ya gari lake, spika juu yake. Aliniita injinia mbele ya watu wote. Leo spika ya kushoto inakoroma. Nimegusa ubao kwa kidole: laini kama mkate uliochovywa katika chai.

Ijumaa Chef anakwenda kivukoni kuwapokea wageni wa kutoka Kindu, wanaokuja kumposa binti yake Sonia. Anataka waingie mjini kwa muziki. Na nafasi ya karani iko wazi Salamabila tangu Agosti; nikimwaibisha Chef, atanihamishia huko. Huko simjui mtu. Njia ni pikipiki, mito, pikipiki. Naogopa pikipiki. Mito naiogopa zaidi.

Jumanne, 12 Novemba
Blaise, karani mwenzangu, amejua. Amechungulia. Amesema triplex hupakwa rangi ya mafuta pande zote, hata ukingoni, kisha spika huvikwa kofia ya plastiki ili maji yanayoshuka kutoka kwenye kioo yapite mbali. Amesema kwa sauti, Victorine wa mapokezi akisikiliza. Nimemshukuru, nikamwambia nina njia yangu. Sina. Pengine yeye yuko sawa. Lakini Blaise akiokoa spika, nani atapelekwa Salamabila?

Alasiri nikaenda mtoni kwa Ayoubu, fundi wa mitumbwi. Nimemuuliza anazuiaje maji yasiingie. Akauliza chombo changu kina matundu mangapi. Nikasema matano, yote chini. (Nimeyahesabu kwenye ukingo wa chini wa mlango, matano kila upande.) Akanitazama sana. Akauliza ni mwendawazimu gani anayesafiri ndani ya kitu hicho. Sikuthubutu kusema ni mlango wa Chef. Amenipa lami katika kopo la nyanya na matambara. Ameniamuru nizibe yote.

Jumatano, 13 Novemba
Nimeomba ufunguo kwa kisingizio cha kusafisha gari. Nimeziba vitundu vyote kumi! Nimeungua kidole. Shati jeupe limekwisha. Kisha nikarusha ndoo nzima ya maji chini ya milango. Halikuingia hata tone! Blaise akapita, akauliza kama gari linabatizwa na nani atakuwa baba wa ubatizo. Nimecheka kidogo, nikaficha kopo la lami.

Alhamisi, 14 Novemba
Balaa! Mvua kubwa kuanzia saa mbili hadi saa sita mchana. Kisha Chef akaniita uani. Kwa sauti ya upole. Chef akiwa mpole, mtu huhamishwa.

Alisimama kando ya gari na mke wake, Mama Régina. Akauvuta mlango. Shwaa! Kitu ndani kikatembea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mama Régina akainama, akasikiliza, akaniuliza: “Wee karani, hii ni mlango ao ni bidoni ya maji?” Nikajibu kwamba huenda ni besi. Ndiyo, nilisema hivyo. Sijui ulimi huu ni wa nani.

Chef akaagiza bisibisi. Blaise alikuwa nayo tayari mfukoni! Akachokoa lami katika kitundu kimoja. Maji yakaruka moja kwa moja kwenye viatu vya Chef, vile alivyonunua kwa ajili ya wageni. Blaise akaeleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la pili, kwamba maji huingia mlangoni kwa juu, kando ya kioo, sikuzote. Vitundu vya chini ni njia yao ya kutokea. Waliotengeneza gari waliviweka makusudi. Victorine akasema hata yeye alijua.

Ijumaa, 15 Novemba
Wageni wamefika bila muziki. Nasikia gari lote lilinuka lami, na shangazi wa bwana harusi aliomba kushuka mara mbili. Chef amesema barua yangu ya Salamabila ameiandika. Bado kuisaini. Ameniachia kazi moja ya mwisho: Jumatatu sanduku la bati lenye faili za walimu liende Kabambare kwa pikipiki ya Pitchou, lifike kavu. Faili moja ikilowa, anasaini.

Jumapili, 17 Novemba
Nimetulia. Wiki hii imenifundisha: maji lazima yaachiwe njia ya kutokea. Baada ya misa nimeligeuza sanduku na kulitoboa chini kwa msumari. Matundu tisa, mazuri, yamepangwa sawasawa. Blaise akauliza ninagonga nini. Nikalifunika kwa koti. Safari hii haniibii sifa.

Pitchou amekuja kulichukua, aondoke kesho alfajiri. Ameonya kwamba mito imejaa, maji yanafika kwenye kiti cha pikipiki. Nimemtuliza. Nimemwambia yote yatakayoingia yatatoka. Hakuelewa, hakusoma sana. Nimempa nyundo na msumari, aongeze matundu njiani maji yakichelewa kutoka.