Ugonjwa wa VVT-i

Jonah hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Jonah alikuwa akipewa, mara nyingi pamoja na shukrani. Asubuhi moja ya mwaka 2007, alipokuwa ameegesha pikapu yake chakavu sokoni Molo, aliona gari jeupe limejazwa viazi hadi kwenye viti, na nyuma limeandikwa VVT-i. Papo hapo akalionea huruma.

Mwenye gari alikuwa Mugure, mkulima mjane. Bila gari hilo, viazi vyake vingeozea shambani. Jonah alimsalimia, akavisifu viazi, akaomba afunguliwe boneti. Aliinama humo kidogo, na alipoinuka alikuwa na uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Mathe, hii gari iko na VVT-i."

"Imeandikwa hapo nyuma. Nilidhani ni jina."

"Ni ugonjwa."

Jonah alikuwa na utaratibu wake: kusema ukweli mtupu, kisha uongo mmoja mwishoni. Akaeleza kwamba valvu ni milango ya injini. Mmoja huingiza hewa na petroli, mwingine hutoa moshi. Katika injini za zamani mlango hufunguka wakati ule ule siku zote. Katika hii, kompyuta huamuru oili isukume shafti ya valvu kidogo, mlango wa kuingiza ufunguke mapema gari likipanda mlima, na uchelewe likiwa limesimama tu.

"Sasa injini ya kubadilisha nia kila saa, mathe, itafika wapi?"

Wakalijaribu kwenye mteremko wa nyuma ya soko. Gari lilipanda likilalamika. Jonah, kwa huruma, akajitolea kubadilishana: achukue mgonjwa, amwachie pikapu yenye valvu za msimamo. Hata ufunguo akampa.

Mugure aliutia mfukoni, kisha akauliza, polepole, kama mlango ukifunguka mapema mlimani gari hupata nguvu. Hupata, Jonah akakubali. Na amri ya kompyuta hupitia wapi? Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza Jonah hivyo. Akasahau kazi iliyomleta, akasema ni waya mdogo tu, wenye plagi pale mbele ya injini.

Mugure akafungua boneti. Plagi ilikuwa inaning'inia. Akaisukuma mpaka ikalia tak, akatazama grisi mbichi kwenye vidole vya Jonah, akawasha gari. Mlima ule ule ukawa kama uwanja.

Waliporudi sokoni, Mugure akawatangazia watu kwamba daktari wa magari amefika, na leo anatibu bure. Boneti zikaanza kufunguka.

"Mathe, na ufunguo wangu?" Jonah akanong'ona.

"Niko nao, fundi. Maliza hawa kwanza."

Mzee mmoja mwenye lori la kabichi alikuwa ameshamshika mkono.

"Daktari, hii yangu haina hiyo VVT-i. Niwekee."

Jonah akautazama mfuko wa Mugure, akavua koti.