Siku Niliyomwingiza Mama Mkwe Kwenye Timu

Leo nimevuliwa nguo mbele ya mama mkwe, jameni, na suruali yangu ilikuwa na mshipi.

Wacha niwaambie mwenyewe kabla Opio hajawafikia. Opio ataongeza chumvi, na hii stori haihitaji chumvi. Imeiva hivyo hivyo.

Wengi mnajua mimi hucheza ile gemu ya mazimwi kwa simu. Kwa wale wasiojua: unachagua mazimwi matano, unakutana na mtu mwenye yake matano, mnapigana kwa zamu. La moto huchoma la majani. La majani hunywa la maji. La maji huzima la moto. Zimwi likiishiwa nguvu linazimia, unaingiza lingine. Atakayebaki na zimwi lililosimama ndiye mshindi. Ni hivyo tu. Watoto wanacheza, na mimi mtu mzima, fundi wa simu mwenye kibanda hapa Malaba, nacheza pia.

Tena hapa Malaba naitwa Kocha. (Nilijiita mwenyewe, lakini watu walizoea.)

Ukocha wangu ni mmoja: usawa wa timu. Vijana wakiona zimwi la moto lenye meno wanachukua matano ya namna hiyo hiyo, halafu wakikutana na maji wanalia. Mimi huwaambia timu ni kama boma. Lazima awepo wa kupiga haraka. Awepo wa kuvumilia kipigo. Awepo wa kutibu. Awepo wa kutia sumu polepole huku anatabasamu. Na awepo mmoja wa kupiga kelele tu ili adui achanganyikiwe. Ukikosa mmoja hapo, umekwisha.

Sasa hii habari ya boma mimi sikuitoa hewani. Niliipata Angurai, siku Amoit, mchumba wangu, aliponipeleka kwao mara ya kwanza. Niliketi kwa kile kiti cha wageni nikapigwa maswali, na katikati ya jasho nikaona kitu cha ajabu. Hii familia ni timu! Baba Amoit alikuwa anarusha maswali haraka haraka, moto mtupu. Ekisa, kaka yake, alikuwa anapiga kelele tu. Amoit alikuwa anakuja na maji ya kunywa kila nikikaribia kuzimia. Shangazi yao alinitazama kutoka viatu hadi nywele akasema kwa upole, "Si mbaya. Amoit angepata mbaya zaidi." Sumu! Na Mama Amoit alikaa mlangoni mwa jikoni, mkubwa, ametulia, hasemi lolote, na kila neno lililorushwa nyumba ile lilimgonga likaanguka chini.

Nikarudi Malaba nikaunda timu. Na kwa sababu ile gemu inakuruhusu kuyapa mazimwi majina, nikayapa. Baba Amoit ni joka la moto. Ekisa ni ndege wa kelele. Amoit ni chura wa maji anayetibu. Shangazi ni nyoka wa sumu. Na Mama Amoit ni jiwe kubwa lenye miguu minne mifupi na mgongo wa kobe.

Kabla hamjanitukana: nilifanya kwa heshima. Huyo wa jiwe ndiye bora kuliko wote! Halafu ilikuwa kwa simu yangu, mfukoni mwangu. Nani angeona?

Haya. Leo ikawa fainali, Malaba na Busia, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Mimi kwa upande wa Malaba. Kwa upande wa Busia ni Achieng', dada anayeuza mitumba, mtu wa kukupiga huku anakuuliza nyumbani hawajambo. Mtangazaji ni Opio, ambaye hulala Uganda na hushinda kwetu, na akishika maiki hata mchezo wa bao utadhani ni vita.

Lakini mjue jambo moja, ndio muelewe uchungu wangu. Jumamosi hii wazee wangu wanaenda Angurai kuniombea Amoit. Baba Amoit alishalegea. Mama Amoit bado. Na nyumba ile neno la mwisho hutoka jikoni. Jana tu Amoit aliniambia, "Mama bado anakupima. Tafadhali usifanye kitu."

Nikamwambia, "Mimi? Nifanye nini?"

Mnaona.

Wakachomeka simu yangu na ya Achieng' kwa waya, picha ikatokea ukutani, kubwa kama lori. Opio akatangaza sheria: atakayechomoa waya kabla mchezo haujaisha ameshindwa, na kila zamu ina muda wake, ukichelewa gemu inakuchagulia. Nikatikisa kichwa kama bingwa. Halafu nikainua macho nikaona ukutani, kwa herufi kubwa nyeupe: MAMA AMOIT.

Lakini nikatazama ukumbi: vijana watupu. Angurai ni mbali. Nikasema potelea mbali. Tena Opio aliposema, "Na Kocha anaanza na Mamaaa Amoooit!" watu wakacheka, nami nikapunga mkono. (Nilipunga mkono. Kumbukeni hilo mkitaka kunihurumia.)

Mchezo ukaanza vizuri sana. Achieng' alileta zimwi la moto, likamchoma Mama Amoit, hakutingishika. Akaleta la umeme, halikufua dafu. Opio alikuwa juu ya kiti.

"Mama Amoit amechapwa mgongoni! Mama Amoit hasikii! Banange, huyu mama ni ukuta!"

Ukumbi ukaitikia, "Ukuta!"

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Chai imefika. Tangu asubuhi nilikuwa nimesikia kwamba chai na mandazi vimeagizwa kwa akina mama wa Angurai. Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili. Na ninajua vizuri mama yake Amoit ndiye hupikia watu wakiwa na sherehe. Lakini akili yangu yote ilikuwa kwa mazimwi.

Akaingia na birika kubwa. Nyuma yake Amoit na beseni la vikombe.

"Mama Amoit amepigwa teke la tumbo!" Opio akapaza sauti.

Mama Amoit akasimama. Birika mkononi. Akatazama ukumbi.

"Nani amenipiga?"

Jameni, ukumbi wote ukanigeukia mimi!

Opio, badala ya kuomba ardhi immeze, akajibu kwa maiki, "Hapana mama, karibu sana. Hatukusemi wewe. Ni zimwi tu lenye jina lako."

Mama mkwe wangu akageuka ukutani. Akaona jiwe. Akaona miguu mifupi. Akaona mgongo wa kobe. Akaona jina.

Sasa mnajua mila zetu. Mkwe na mama mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, na kama mnakutana njiani mmoja anapitia nyasi. Mimi nilikuwa nimemtia kwa ukuta na watu wanampiga mateke. Nikavuta jaketi nikajifunika kichwa, nikageukia nguzo ya ukumbi. Simu mkononi, waya umenifunga kama mbuzi.

"Amoit," mama akasema. "Muulize huyo aliye nyuma ya nguzo. Hili jiwe ni mimi?"

Amoit alikuwa analia au anacheka, sikuweza kutazama. "Mama anauliza kama jiwe ni yeye."

Nikaiambia nguzo, "Mwambie ni... ni kwa heshima."

"Anasema ni kwa heshima."

"Nimesikia. Nina masikio. Muulize, kazi ya hilo jiwe ni nini?"

Hapo Opio akaingilia kwa maiki, kwa bidii ya mtu asiye na mama mkwe. "Mama, huyo ndiye nguzo ya timu! Kazi yake ni kupigwa ili wengine wapone."

Mama Amoit akaweka birika chini, akavuta kiti, akaketi. "Hiyo ni kweli," akasema.

Nikapata pumzi kidogo. Lakini nikachungulia ukutani, na pumzi ikatoka. Nguvu za Mama Amoit zilikuwa zimeisha karibu zote. Na Achieng' alikuwa ameingiza zimwi lake la maji.

Sikilizeni sasa. Mchezo sahihi hapo ninaujua kabisa. Ninaufundisha! Unaliacha jiwe lizimie. Limeshamaliza kazi yake. Halafu unaingiza zimwi jipya bila kuguswa. Vijana wote wa Malaba walikuwa wanaimba somo langu mwenyewe: "Mwache azimie! Kocha, mwache azimie!"

Nimwache azimie? Amekaa pale na leso yake? Wiki ya kwenda kumwombea binti?

Nikamtoa Mama Amoit, nikaingiza Baba Amoit. Moto, mbele ya maji. Hata mtoto wa chekechea hawezi kukosea hivyo.

"Baba Amoit ameingia!" Opio akalia. "Baba Amoit amemwagiwa maji! Baba Amoit AMEZIMIA!"

"Muulize," mama akasema, "huyo naye ni mzee wangu?"

"Ndiye, mama," nikaiambia nguzo, na sauti ikanitoka nyembamba kama ya mbu.

"Haya. Huyo si mbaya akipigwa kidogo."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nikaingiza Ekisa, akapiga kelele, akazimia. Nikaingiza Amoit, akatibu, akatibu, akazimia. Na yule wa kweli, mwenye vikombe, akaniuliza kwa hasira kabisa, "Mimi ni chura?" Mtu hawezi kupigana pande zote.

Nikaingiza Shangazi.

"Shangazi anatema sumu!" Opio akapiga yowe. "Anatabasamu, anatema! Anatabasamu, anatema!"

Nikasikia sauti nyuma yangu. Nikafikiri mtu amepaliwa na mandazi. Nikachungulia. Mama mkwe wangu alikuwa ameinama, leso mdomoni, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka mpaka machozi. "Uuwi," alikuwa anasema. "Uuwi, Shangazi. Uuwi, mpaka tabasamu!"

Shangazi alimaliza mazimwi yote ya Achieng' isipokuwa moja, kabla ya kuzimia. Kwa hivyo mwisho ulikuwa hivi: Achieng' ana lile la maji, limechoka. Mimi nimebaki na Mama Amoit, pumzi moja. Sikuweza kubonyeza. Muda unakwisha.

"Amoit," mama akasema. "Mwambie aniingize. Anangoja nini?"

"Mama anasema umwingize."

Nikamwingiza. Achieng' akaniuliza kwa upole, "Nyumbani hawajambo?" akambonyezea wimbi. Opio akashusha sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana aliitoa kama tangazo la msiba.

"Ndugu zangu... Mama Amoit... amezimia."

Malaba tumeshindwa. Vijana wangu walitoka bila kuniaga. Mmoja alisema kwa sauti, makusudi nisikie, "Kocha wa usawa kaua familia nzima kwa kumficha mtu mmoja." Ni kweli. Sina la kujitetea.

Mama Amoit akasimama. Akapanga vikombe vyake. Nami nimeganda nyuma ya nguzo, jaketi kichwani, najua kabisa Jumamosi imekwenda na maji.

"Amoit, mwambie huyo," akasema, na nilikuwa karibu naye kiasi cha kunusa chai. "Mwambie nimeona. Alijua akiniacha nizimie atashinda. Akakataa. Mwambie hiyo ni heshima. Na mwambie pia hiyo ni ujinga, maana mimi sijawahi kukataa kupigwa ili watoto wangu wapone. Siku nyingine asinifiche. Wazee wake waje Jumamosi. Nitawapikia."

Haki! Nikashika nguzo.

Akapiga hatua kuelekea mlangoni, akarudi. Akasema polepole, kama siri. "Halafu mwambie, ile ya Shangazi. Mimi niliolewa nyumba ile nikiwa msichana, na ilinichukua miaka kuona. Yeye amekaa kwa kiti siku moja tu akaona. Huyo kijana ana macho."

Basi mimi nikarudi kibandani natembea juu ya mawingu! Nimeshindwa, nimefukuzwa ukocha, lakini nimepata mke. Nikafungua simu niwaambie ninyi, marafiki zangu.

Kumbe Opio alikuwa amerekodi. Yote. Na ameshairusha kwa makundi yote kutoka hapa hadi Angurai, akianzia pale pa "anatabasamu, anatema". Ekisa ameweka vicheko. Baba Amoit ameuliza ni nani aliyeruhusu yeye amwagiwe maji.

Na Shangazi, ambaye kwa mila bila yeye hakuna mazungumzo yanayofunguliwa, ameandika maneno mawili tu: "Jumamosi nitakuwepo." Ameweka na tabasamu.

Kwa hivyo msinicheke. Nisaidieni. Natafuta mzee mmoja wa kukaa karibu nami Jumamosi. Si lazima ajue kuongea. Awe tu anastahimili sumu.