Injili Inayopita Dirishani Kwangu

Marijani Suleiman,
Fundi Makochi,
Keko, Temeke.

Kwa Baba Paroko,

YAH: KUZUIA MAANA YA INJILI KUINGIA NYUMBANI KWANGU

Mheshimiwa Baba Paroko, nakusalimu kwa heshima zote. Shikamoo ningekupa, ila nimeambiwa wewe ni wa umri wa wanangu, kwa hiyo nasubiri yako na tuendelee.

Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa hapa hapa, fundi wa makochi na mwenye nyumba. Vyumba viwili vya uani nimempangisha Albano, kijana wa Masasi, na mkewe Yustina, ambaye ndiye mwenyekiti wa Jumuiya yenu Ndogo Ndogo ya mtaa huu. Yustina aliniomba uani kwa Jumamosi moja, nikakubali. Sasa ni Jumamosi zote. Wanakutana asubuhi na mapema chini ya dirisha langu, saa ambayo mtu aliyekwisha kuswali alfajiri anarudi kitandani kudai usingizi wake. Kusoma kwao sina ugomvi nako. Jesca, msomaji wao, anasoma vizuri na hachelewi. Tatizo ni maana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wakimaliza kusoma wananyamaza, halafu kila mmoja anataja neno lililomgusa, mara tatu, polepole. Siku waliyosoma habari za dhoruba na yule aliyelala chomboni, Allen, mmoja wa wanajumuiya, aliguswa na "amelala". Akalisema mara tatu kwa ile sauti yake nzito. Wakati huo mimi, ambaye neno hilo lilinihusu kuliko yeyote pale, nilikuwa macho.

2. Hakuna anayeruhusiwa kuwa na maana yake peke yake. Demetria, muuza maandazi, alieleza kuhusu ile mikate mitano kwamba watu walikuwa wameficha chakula kwenye nguo, wakaona haya, wakakitoa. Nikakubaliana naye kutoka kitandani, maana watu nawajua. Yustina akasema hapana, Neno halifasiriwi na mtu mmoja kwa kichwa chake. Lazima tuulize Kanisa zima limelisoma vipi tangu zamani, tuliweke pamoja na Maandiko mengine, ndipo tuseme. Akampigia simu katekista. Mtandao ukasumbua. Chai yangu ikapoa nikisubiri jibu la swali ambalo si langu katika dini ambayo si yangu. Jibu likaja kwamba muujiza ni muujiza. Baba Paroko, hapa Keko kila fundi anapima kwa futi yake. Ndiyo sababu makochi mengine yanagoma kupita mlangoni, lakini hatujawahi kumpigia simu katekista.

3. Maana zenyewe zinagawiwa kwa upendeleo. Fredrick, jirani yangu anayetengeneza vitanda, aliuliza kama kweli mtu ang'oe jicho likimkosesha. Akaelezwa kwamba kuna maana ya maneno yenyewe, na kuna maana ya kiroho iliyomo ndani yake, na kwamba ni lazima uangalie mwandishi alikuwa anasema kwa mtindo gani. Nilifurahi, kwa sababu Fredrick na vifaa vyake ni wa kuangaliwa. Wakafika kwa yule tajiri aliyeambiwa auze alivyo navyo. Albano, ambaye ndiyo kwanza amenunua televisheni ya ukutani, akasema hiyo ni ya kiroho kabla Jesca hajakaa. Wiki iliyofuata ikawa ni kutembelea wagonjwa. Mimi nilikuwa na mafua. Ghafla ikawa maana ya maneno yenyewe. Nimelifuatilia jambo hili kwa makini na naweza kukuthibitishia: aya ikiwagusa wao ni ya kiroho, ikinigusa mimi ni kama ilivyoandikwa.

4. Hawaachi maana ipumzike. Kila wakimaliza wanapanga tendo, na tendo lazima limpate mtu, na mtu wa karibu ni mimi. Kwa yale mafua waliingia wote chumbani na uji, wakaniomba ruhusa ya kuniombea, na kesho yake nikapona, jambo lililowapa kichwa. Karibu na Pasaka Albano alikuja na beseni kuniosha miguu. Nikamweleza kwamba mtu anayetawadha mara tano kwa siku ndiye mwenye miguu safi kuliko wote katika nyumba hii. Akasema, "Mzee, sie tumeshapanga." Nikampa mguu mmoja tuyamalize.

Kisha ikaja Injili ya wale waliotoboa paa la watu ili wamteremshe mgonjwa wao. Kama mwenye nyumba, nilisubiri mtu aguswe na paa. Wakaguswa na mgonjwa, wakaguswa na kitanda chake, wakaguswa na imani ya marafiki. Mwenye paa hakutajwa na yeyote. Nilivumilia nikashindwa, nikatoa kichwa dirishani nikauliza nani aliliziba baadaye. Wakanishukuru kwa tafakari nzuri. Siku ile ile wakapanda juu wakaziba paa langu, lililokuwa linavuja tangu mke wangu, Mungu amrehemu, akiwa hai. Sasa mvua ikinyesha sina cha kulalamikia, nimebaki kuisikiliza tu.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi iliyopita walisoma ya kijana aliyemwacha baba yake akaenda kupotelea mbali. Ilipofika pale baba anamwona mwanawe na kumkimbilia, nikafunga dirisha. Nina kijana wangu anaitwa Twalib. Nilimfundisha kazi hii kwa mikono yangu, akaniacha, akaenda Tegeta kuuza makochi ya kiwandani yanayoshushwa kwenye kontena. Yule wa kwenye Injili alichunga nguruwe. Wangu amefanya makubwa zaidi. Nilimwambia asikanyage kwangu, na hajakanyaga. Kila sikukuu nakaa nimeelekea mlangoni. Kusema kweli inaniuma, na sikupenda uani wajue.

Hata dirisha likiwa limefungwa, nikamsikia Demetria ameguswa na "angali mbali", mara tatu, tena kwa sauti iliyoelekezwa kwangu. Yustina akafafanua kwamba baba yule ni Mungu. Nikashusha pumzi: kama ni Mungu, basi ni ya kiroho, mimi simo. Lakini wakapanga tendo, na tangu siku hiyo Fredrick anazunguka mtaani akiulizia namba ya simu ya Twalib.

Kwa hiyo naomba ofisi yako itoe tamko lenye muhuri kwamba habari ya baba na mwana ina maana ya kiroho peke yake, haihusu Keko wala Tegeta, na isitendwe na mtu yeyote. Ikiwa Kanisa zima limeisoma vingine tangu zamani, basi naomba liisome tena.

Barua hii ataileta Yustina, kwa kuwa simjui mwingine anayefika ofisini kwako. Nimemkataza kuisoma. Akiisoma, asinitajie neno lililomgusa.

Nisalimie masista, wanakwaya, mpishi wako, na katekista, mwambie abadilishe laini ya simu. Watoto wa Komunyo ya Kwanza wasalimie pia, walipoletwa uani kwangu waliimba vizuri ingawa ilikuwa mapema mno.

Ni mimi, jirani yenu kwa maana ya maneno yenyewe,

Marijani Suleiman

Baada ya sahihi: Nilikuwa sijaifunga barua, Twalib akatokea pale kwenye kona ya mafundi vitanda. Mtaani wanasema nilikimbia. Nilikwenda haraka, na kandambili moja ilibaki njiani kwa sababu zake yenyewe. Sasa yuko ndani anakula, na nimechinja jogoo. Ila kaka yake Jabiri, ambaye miaka yote hii ndiye aliyebaki nami karakana bila kulalamika, amesimama nje ya geti amenuna. Anasema yeye hajawahi kuchinjiwa hata kifaranga, na ndani haingii. Albano ananiambia hilo nalo limo mle mle kwenye Injili. Mimi nilikuwa nimeshafunga dirisha. Baba Paroko, achana na tamko. Itume Jumuiya nzima, leo, wasingoje Jumamosi, na Jesca aje na kitabu anisomee yule baba alimwambia nini huyu wa nje mpaka akaingia.