Wilaya Mbili Ndani ya Kompyuta ya Nduwayo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wanakuja kuuona mchezo wa Nduwayo! Jumamosi hii! Kutoka Mwanza!

Haya, sasa salamu. Habari ya jioni, shajara. Mimi mzima, nimechoka tu. Mgongo unauma kwa kuanika kahawa, mdomo unauma kwa kutangaza. Nimeanzia kisimani, nikapita dukani, nikamalizia kwa katekista. Alikuwa anaoga. Nikamwambia kupitia ukutani.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanangu ametengeneza mchezo wa kompyuta. Si wa kupiga mpira, hapana. Ndani yake mna wilaya nzima ya Ngara, na Biharamulo nyongeza! Ukiingia hakuna wa kukuambia pita huku, pita kule. Unatembea utakako. Unatoka hapa kwetu Rulenge, unakwenda Ntobeye kwa miguu, unachoka, unakaa chini ya mgomba, unaendelea mpaka Bisibo. Ameujenga peke yake, tangu alipofeli kidato cha sita akaacha kuongea na watu. Sasa kuna chuo huko Mwanza kinafundisha kazi hiyo, kinatafuta kijana mmoja wa huku kimsomeshe. Mmoja tu.

Baba Nduwayo amesema wazi. Mtoto asipochaguliwa, atakwenda Biharamulo kuchimba dhahabu kwa baba yake mdogo. Mashimo yale! Kijana wa Nahimana alirudi kutoka huko akitembelea fimbo.  Nilisonga ugali mpaka mwiko ukavunjika.

Mchezo una hitilafu ndogo ndogo. Ng'ombe wanapanda juu ya mapaa. Watu wengine wanazama ardhini mpaka kiunoni na wanaendelea na safari zao. Mto Ruvubu unapanda mlima. Ndogo ndogo. Hata Mungu alipopumzika siku ya saba, mbu walikuwa wameshatoka.

Jumanne, 5 Agosti

Felisita. Jirani yangu, rafiki yangu, mwiba wangu. Kumbe binti yake Priscila naye ana mchezo, naye anaitaka nafasi ile ya Mwanza. Wa kupanga vikombe kabatini! Unapanga, kabati likijaa unapigiwa makofi. Basi, umekwisha.

Alikuja kuazima ungo. Bila kuulizwa na mtu, akasema vikombe vya Priscila havina hitilafu hata moja, na kwamba mtungi unaovuja, hata uwe mkubwa kama nyumba, haufikishi maji. Nikamwambia kikombe kizima nacho hakijawahi kumwogesha mtu. Akaondoka bila ungo. Nimeshinda.

Nikageuka, Nduwayo yuko mlangoni. Amesikia yote. Akasema kwa upole kwamba Mama Priscila hajakosea. Akasema amechoka, kila akirekebisha Ngara, Biharamulo inaharibika. Anataka kukata. Abaki na kilima chetu tu, akisafishe, kila kitu kisimame mahali pake.

Akate? Dada yangu Francisca wa Bisibo nimeshamwambia nyumba yake imo! Na ng'ombe wake. Na kaburi la marehemu shemeji, pamoja na maua. Watu wa Ntobeye nao nimewaahidi. Kwa kweli, shajara, nusu ya mchezo ule ni ahadi zangu. Kila nikitoka msibani au harusini, namletea mtoto nyumba mpya ya kuweka.

Nikamuuliza, mama yako mkubwa akifika akakuta Bisibo ni pori, nitaweka wapi uso wangu?  Akarudi kwenye kompyuta, akaongeza ng'ombe.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango! Baba mkwe!

Mzee Sindayigaya akisema neno, mume wangu hana la kuongeza. Basi nimwonyeshe mzee mchezo, aupende, amkataze mwanawe habari za machimbo. Nikapika ndizi kwa nyama. Nikaandaa pombe ya ndizi, ile iliyokaa. Nduwayo alishamweka babu yake humo ndani, juu ya kigoda, mbele ya nyumba yake, na kofia ileile.

Mzee alijiona akacheka mpaka akakohoa. Akaona ng'ombe juu ya paa, akasema ng'ombe wa siku hizi hawana malezi, akanywa. Akaona mto unapanda mlima, akasema aliwahi kusikia habari za mto wa namna hiyo. Mambo yanakwenda! Nikaongeza pombe.

Kisha Nduwayo akamtembeza kijana wa mchezoni mbele ya kile kigoda. Kijana akapita. Hivihivi. Kama anapita kisiki.

Mzee akaweka kibuyu chini. Akauliza kijana yule ni wa nani. Nduwayo akamwambia si wa mtu, babu, ni yeyote anayecheza. Mzee akasema yeyote asiye na shikamoo hakuzaliwa huku. Ng'ombe kupanda mapaa, hilo anaweza kulivumilia. Mto ni wa Mungu, utajua wenyewe unakokwenda. Lakini ile si Rulenge, ile ni nchi ya viziwi. Akachukua fimbo yake. Alipofika mlangoni akamwambia Baba Nduwayo ampeleke mtoto machimboni, huko angalau watu wanasalimiana.

Hakumaliza hata nyama. Nimekaa jikoni bila kuwasha moto.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata dawa! Salamu ziwekwe!

Nduwayo alisema inawezekana, ila inahitaji sauti ya mtu. Mtu ni mimi. Nimejirekodi kwa simu, chooni, maana ndiko kuku hawafiki. Shikamoo. Marahaba. Halafu nikajiuliza, nani huku anaishia kwenye marahaba? Nikaongeza habari za nyumbani. Watoto hawajambo? Ng'ombe wanakamuliwa? Mama amepona? Mvua kwenu ilinyesha? Kahawa imekauka? Na mmelalaje, na mmeshindaje, na wale wa ng'ambo ya mto je?

Nikamwagiza Nduwayo kila mtu mzima aulize yote, na kijana asiruhusiwe kupita mpaka ajibu yote. Akasema mama, itakwama. Nikamwambia adabu haijawahi kumkwamisha mtu. Hakubishana. Hana tena nguvu za kubishana, macho yake mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Akaweka.

Kuna tatizo moja dogo. Sauti ni yangu peke yangu. Wazee, vijana, katekista, wote wanaitika kwa sauti yangu. Na ng'ombe mmoja. Nduwayo hajui ilitokeaje.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sikukuu ya wakulima. Nimelima.

Kompyuta inapata moto, inalia kama nyuki. Nimeipepea kwa ungo mpaka bega limekufa ganzi. Francisca amepiga simu kuuliza kama ng'ombe wake wamewekewa madoa. Nimesema ndiyo. Nduwayo amelala na kichwa mezani. Sikumwambia habari ya madoa. Nilimvua viatu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio. 

Ukumbi wa kijiji ulijaa, wengine madirishani. Mtaalamu aliyetumwa na chuo cha Mwanza anaitwa Fathiya. Nilitarajia mzee mwenye miwani. Kumbe binti mdogo mwenye hijabu ya kijani, akatusalimia mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo baba, mpaka nikamhurumia.

Wakaanza na Priscila. Fathiya akapanga vikombe. Kabati likajaa. Makofi yakalia. Hakikudondoka hata kimoja. Akauliza baada ya hapo kuna nini, Priscila akasema kuna kabati lingine. Felisita alinitazama kama amezaa askofu.

Kisha Nduwayo. Nilisimama nyuma ya kompyuta na ungo wangu, napepea. Fathiya akatembea vizuri tu. Akampita ng'ombe mmoja juu ya paa, akaandika kitu. Akamwona bwana mmoja amezama kiunoni, akaandika tena. Ruvubu ukapanda mlima. Aliandika sana. Halafu akaingia sokoni.

Ningejua ningemzuia! Sokoni ndiko nilikowajaza watu wote niliokosa pa kuwaweka. Mzee wa kwanza akasimama. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Wa pili akasimama. Nao wakakutana wao kwa wao, wakaanza kuulizana, na hakuna anayeruhusiwa kupita kabla ya kumaliza, na hakuna aliyemaliza. Soko zima limesimama, linaulizana habari za ng'ombe. Kwa sauti yangu! Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Yule ng'ombe wa juu ya paa naye akauliza kama mama amepona. Watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Felisita alicheka kwa heshima, ndani ya kiganja. Hiyo ndiyo iliuma zaidi. Baba Nduwayo alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwanangu alikuwa anaangalia mlango.

Fathiya peke yake hakucheka. Alikuwa anajibu. Kwa mdomo, palepale, yeye na kioo. Nyumbani salama. Watoto bado sijajaliwa. Mvua ilinyesha juzi. Alipofika kwenye mama amepona, akaweka kalamu chini. Kisha akasema hapana, bado hajapona, yuko hospitali.

Kompyuta ikazima. Puu! Giza.

 Fathiya akamuuliza Nduwayo maswali yale kayatunga nani. Nduwayo akaninyooshea kidole. Nikaficha uso kwa ungo.

Akasema hatatudanganya. Mchezo huu ni mgonjwa. Mto ni mgonjwa, mapaa yanaumwa, na kitu kinachozima sokoni huwezi kumpa hata jirani. Lakini amecheza michezo mikubwa ya ughaibuni, yenye miji na bahari na milima ndani yake, isiyo na kasoro ya kuonekana, na hakuna hata mmoja uliowahi kumuuliza mama yake anaendeleaje.

Felisita akainuka. Akauliza kama siku hizi kuharibu ndiko kufaulu, atuambie na sisi tukavunje vyombo. Watu wakaguna. Swali zuri, nakiri, ingawa ni lake. Fathiya akamjibu kwamba kasoro ni kasoro, na ukubwa hauzifuti. Vikombe vimekamilika, anampongeza Priscila kwa moyo. Ila vimekwisha. Cha huyu kijana hakijakwisha, na sehemu iliyo nzuri ni nzuri kweli.

Basi nafasi ni ya Nduwayo! Kwa sharti. Akate. Wilaya mbili si mzigo wa kijana mmoja. Abaki na kilima kimoja, watu wachache anaowajua, wasalimiane na mtu aweze kupita. Fathiya atarudi tarehe 23 kuhakikisha. Mchezo ukikwama tena, nafasi inakwenda kwa Priscila.

Kutoka nyuma sauti ikasema soko lile sasa ni la Rulenge. Mzee Sindayigaya! Aliyesema haji!

Baba Nduwayo hakutaja machimbo njia nzima. Na mtoto aliongea. Aliongea mpaka nyumbani, hata pale kwenye mteremko ambapo kila mtu hunyamaza. Sana sana aliongea habari za kukata. Nimelia kidogo kwenye kitenge. Vumbi la kiangazi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimejifunza. Naandika hapa ili isifutike: simwahidi mtu kitu tena.

Jana baada ya misa Nduwayo aliikata Biharamulo. Alibonyeza mara moja. Wilaya nzima! Kisha Ntobeye, kisha Bisibo, kisha barabara zote. Nilishika kiti. Kikabaki kilima chetu, migomba, nyumba chache, babu yake kwenye kigoda. Na kweli, mchezo unakwenda laini kama maziwa. Maji yanateremka. Ng'ombe wako chini. Kijana anamsalimia mzee, mzee anaitika, anauliza mambo mawili, anampisha. Nduwayo alikuwa anapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu yale matokeo ya mtihani. Akanishika mkono akasema mama, nakuomba, usiniletee mtu mwingine yeyote. Nikasema sawa, baba. Na nilikuwa namaanisha.

Leo Francisca amepiga simu. Amenunua kitenge kipya cha kuja kujiona.

Ningemwambiaje? Mjane yule, ameshamsimulia kila mtu Bisibo. Nikamwambia Bisibo haikufutwa. Imehama. Imehamia kwenye kilima chetu, upande wa juu, hewa safi, maji karibu. Alifurahi sana! Akauliza na majirani zake? Nikasema Bisibo bila majirani ni Bisibo gani. Akauliza na kaburi? Nikasema na kaburi, dada, na maua.

Watu wa Ntobeye nao wakasikia. Niliwapigia mimi, ili wasisikie kwa watu. Hata Felisita nimempa sehemu, moyo wangu uko hivyo. Alikubali kwa shingo upande, kisha akasema salamu yake iwe ndefu kuliko za wengine. Nimeirekodi tayari. Imetoka vizuri.

Wala si kuongeza, huku. Sharti lilikuwa kilima kimoja, na kilima ni kimoja. Nyumba zikibanana kidogo, mgongo kwa mgongo, zitaenea. Na wengine wanaweza kukaa juu ya mapaa, walishazoea. Nduwayo amejilaza, uso wake umetulia kama wa mtoto mchanga. Sitamwamsha kwa jambo dogo. Nitamwambia akishakunywa chai.

Wote watakuja kujiona wenyewe. Bisibo yote, Ntobeye yote, na wa huku. Nimewapa siku moja ili tusihangaike mara mbili, siku ambayo kompyuta itakuwa imeshawekwa mezani na mgeni wetu wa Mwanza yupo, awaone watu kwa macho yake. Waje asubuhi, na waje na njaa: Jumamosi, tarehe 23.