Ombi la Kutangaziwa Rasmi Kifo cha Ndege Mkiashaba

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Ndege,

Salamu kwako na kwa nyote mnaofanya kazi chini ya feni. Mimi ni mlinzi wako wa kisiwani, yule aliyeletwa kwa wiki mbili kumshikia zamu mwenzake aliyeumwa jino. Jino lilipona, mwenzangu akapandishwa cheo, na nasikia siku hizi ana meno ya bandia. Mimi bado nipo. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Kazi yangu ni kumwangalia mkiashaba, ndege asiyepatikana kokote duniani ila hapa, na hapa penyewe hajaonekana tangu kabla sijafika. Kanuni inasema mlinzi haondoki kituoni maadamu ndege hajatangazwa kuwa ametoweka. Mke wangu na binti yetu wako ng'ambo. Kwa hiyo naomba, bila kumtakia mabaya, ndege huyu atangazwe kuwa amekufa kabla ya mwisho wa mwezi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila Jumatatu najaza fomu. Penye "Idadi ya ndege walioonekana" niliandika sifuri. Karani wako akairudisha, akasema niandike kwa maneno. Nikaandika "hakuna". Akairudisha tena na swali kwa wino mwekundu: hakuna wangapi? Nimelifikiria swali hilo miaka minane, Mheshimiwa, na sasa limeanza kuniingia akilini, jambo linalonitia hofu.

2. Wataalamu huja kila mwaka, kundi moja kaskazini ya kilima, jingine kusini, kila kundi na kipaza sauti chenye mlio wa mkiashaba uliorekodiwa zamani. Wa kaskazini wakipiga mlio, wa kusini wanausikia, wanakumbatiana, kisha wanajibu kwa kupiga mlio wao. Wa kaskazini nao wanakumbatiana. Mwaka jana waliandika kwamba wamesikia dume na jike "wakichumbiana kwa bidii". Mimi nilikuwa juu ya kilima, katikati, nawaona wote. Niliposema, nikaambiwa mlinzi hulinda, hachambui. Na likizo yangu ikafutwa ili nisiwabughudhi wachumba.

3. Dereva wa idara alikosekana kazini siku tatu akafukuzwa. Ndege huyu amekosekana miaka kumi na moja bila hata cheti cha daktari, na hajapewa onyo. Badala yake ana muhuri, kalenda, na gari lenye picha yake mlangoni. Hata kitambulisho changu cha kazi kina picha yake. Siku niliyougua, zahanati ilikataa kunitibu kwa kuwa sikufanana naye.

4. Mke wangu ni muuguzi, hana maneno mengi. Barua yake ya mwisho ilikuwa mistari miwili: "Baba Mwana, kama ndege wako yu hai, mwoe. Kama amekufa, mzike urudi nyumbani." Nyuma ya karatasi binti yetu, ambaye nilimwacha akitambaa, ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Shikamoo mlinzi wa ndege." Hapo sina mzaha. Niliisoma nimesimama, nikamalizia nimekaa.

5. Kama kumtangaza ndege ni kazi nzito, basi nitangazeni mimi. Kanuni yenu inasema kiumbe asiyeonekana wala kusikika kwa ofisa yeyote miaka mitano ahesabiwe ametoweka. Ndege ana vipaza sauti vya kumsemea; mimi hakuna ofisa aliyenitia machoni wala kunisikiliza kwa miaka sita. Wataalamu hawahesabiki, maana wao hutazama juu tu. Kwa hiyo kisheria mimi sipo. Naomba mwili wangu urejeshwe kwa familia kwa meli ijayo. Naahidi kuusindikiza mwenyewe, na sitadai posho ya msiba.

Nadhani nimeeleweka. Nisalimie karani na wino wake, dereva mpya aliyejifunza kuwahi, na yule mwenzangu. Mwambie atafune taratibu.

Ni mimi, ninayeonekana kwa wanaotaka kuona,

Mlinzi wa Kituo

Tanbihi: Imebidi niifungue tena bahasha. Asubuhi hii nilikuwa naanika shati, ndege mdogo akatua kwenye kamba, mkia rangi ya shaba, akanitazama kama bosi aliyemkuta mfanyakazi amelala. Akang'oa uzi kwenye kola, akaenda zake nao. Nimemfuata. Ana kiota nyuma ya tangi langu la maji, hatua kumi kutoka kitandani kwangu, na mayai mawili. Nimelia, Mheshimiwa, sikufichi. Ichane barua yote hapo juu. Usitume wataalamu, wala kipaza sauti hata kimoja. Ila kanuni inadai shahidi wa pili, mtu makini asiyesema uongo, na mtu wa namna hiyo namfahamu mmoja tu duniani. Mleteni pamoja na binti yetu kwa meli ya kwanza. Mwambieni ana haki ya kunigombeza siku nzima akitaka, lakini anigombeze kwa kunong'ona: kuna mama anaatamia.