Wiki ya Salamu za Kweli

Jumatatu, 10 Februari 2025

Mvua tangu alfajiri. Niyonzima hajala tena mchana. Amekaa nyuma ya jiko, kwenye lundo la kuni, anatazama barabara ya kwenda kwao Kitahana kama mtu anayesubiri basi. Yuko hivyo tangu turudi kutoka likizo. Ni rafiki yangu. Sisemi mmoja wa rafiki zangu, maana orodha inaishia hapo. Vitanda vyetu vimepakana, dawati letu ni moja, na ndiye mtu pekee shuleni asiyecheka nikitembea huku nasoma kitabu nikagonga nguzo.

Nataka kumuuliza ana nini. Nimejaribu! Jumamosi nilimfuata mpaka kwenye kuni, nikafungua mdomo, nikamuuliza kama ameiona kompasi yangu. Kompasi ilikuwa mfukoni mwangu.

Leo nimepata njia. Mwalimu Asia, anayetufundisha Kiswahili na ndiye mwalimu wetu wa ushauri, ametangaza mstarini kwamba hii ni wiki ya ustawi wa wanafunzi, na mwenye wazo alilete. Wazo ninalo. Ubaya wetu ni salamu. Mtu akiulizwa habari anajibu nzuri, hata kama nyumba inaungua. Basi wiki nzima, shule yote, anayeulizwa hali aseme kweli, na aliyeuliza asimame asikilize mpaka mwisho. "Nzuri", "salama", "poa" na "kawaida" ni marufuku. Hapo mtu yeyote atamuuliza Niyonzima habari, naye itabidi aseme. Mimi sitahitaji hata kukohoa. Shule nzima itaniulizia!

Nimeliandika wazo chini ya insha yangu na kuikusanya. Jioni Niyonzima alikuja dawatini akasema ana jambo. Nikamwomba asubiri kidogo, nilikuwa katikati ya kuandika kanuni ya tatu ya salamu.

Jumanne, 11 Februari

Balaa! Mwalimu Asia amelipenda wazo. Amelisoma mstarini, akataja jina langu, Mudathiri wa kidato cha tatu, akaniita mbele. Nilikwenda. Nikavitazama viatu vyangu. Firdausi wa timu ya netiboli, ambaye sauti yake inafika Murungu bila simu, akapaza kwamba jamani profesa aseme japo neno moja. Nikasema ahsanteni. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

Kisha Mkuu wa shule, Mwalimu Ndihokubwayo, akatusalimu kama siku zote. Hamjambo? Siku zote tunanguruma hatujambo. Leo kimya. Mkuu akatutazama, nasi tukamtazama. Ndipo mtoto mmoja wa kidato cha kwanza akanyoosha mkono na kusema yeye anaumwa jino. Mwingine akasema bweni lao lina kunguni wakubwa kama maharage. Mwingine, paa linavuja juu ya kitanda chake, analala amejikunja kama jongoo. Binti mmoja akasema anaogopa hesabu. Mwenzake akasema yeye hesabu haziogopi, anamwogopa mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama palepale. Kipindi cha kwanza kikaisha tukiwa mstarini. Cha pili nacho.

Mimi nilimsubiri mmoja tu. Mansuri, aliyesimama jirani na Niyonzima, akamuuliza habari kwa mujibu wa kanuni. Niyonzima akajibu salama.

Salama! Mchana kweupe! Na mimi sikuweka adhabu. Kosa la mwandishi wa sheria. Nitalirekebisha.

Jumatano, 12 Februari

Leo najuta kuzaliwa na adabu.

Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya chakula. Nikamwamkia Mama Tunu, mpishi wetu, shikamoo mama, halafu, kwa mazoea tu, nikamuuliza ameamkaje. Mama Tunu akaweka upawa chini. Akasema afadhali mwanangu umeniuliza. Akaanza na goti. Kutoka kwenye goti akaenda kwenye kuni mbichi zinazomtoa machozi, akapita kwa mkwewe asiyejua kusonga ugali wa muhogo, akafika kwenye sufuria aliyoazimisha kwenye harusi ikarudi bila mfuniko. Kanuni inasema usimame mpaka mwisho. Nikasimama. Nyuma yangu shule nzima ikasimama. Maharage yakaungua.

Tumekula ugali kwa chumvi. Firdausi amepita mezani kwangu akauliza kwa sauti kama kesho nimepanga kumsalimia mwenye maji, ili na hayo tuyakose. Watu wakacheka sana. Sasa naitwa Bwana Salamu. Hata mtoto wa jino ananiita hivyo.

Niyonzima hakuwepo bwaloni. Nilimpelekea ugali kwenye kuni. Swali lilikuwa tayari, nililikariri njia nzima: Niyonzima, una nini? Maneno matatu tu, na moja ni jina lake. Nikafika. Nikamwambia mvua itanyesha. Ilikuwa inanyesha. Akashika sahani bila kula, akasema Muda, ndivyo anavyoniita, nilitaka kukwambia kitu. Lakini papo hapo kengele ikalia, na Mwalimu Asia alikuwa ananisubiri kwa ajili ya kanuni mpya ya jikoni. Nikamwambia Niyonzima baadaye, kuna kazi kubwa ya kumsaidia mtu fulani. Akaitikia kwa kichwa. Ni mwelewa sana.

Alhamisi, 13 Februari

Amekuja afisa wa elimu kutukagua. Mkuu amevaa tai. Mgeni akapita kwenye madarasa, akafika kidato cha kwanza, akawauliza watoto kwa upole wanaendeleaje.

Sikuwepo, lakini kelele nilizisikia. Jino, kunguni, paa, yote. Wakamshika mkono mpaka bwenini. Akaketi kitandani ajionee. Wanasema alisimama haraka kuliko alivyoketi.

Baada ya gari kuondoka niliitwa ofisini. Mkuu akasema mchezo umekwisha. Kuanzia sasa ukiulizwa hali shuleni kwake jibu ni nzuri, tena kwa sauti moja. Akaniuliza nilikuwa nafikiria nini hasa. Sikuweza kumwambia kwamba nilitaka rafiki yangu aulizwe swali. Kwa maneno hayo lilionekana jambo dogo, na nilikuwa nimeshaitikisa wilaya. Nikasema samahani mwalimu. Nikafika mlangoni, na kwa hofu, badala ya kuaga, nikamuuliza habari za nyumbani.

Nikajua nimefukuzwa shule. Mkuu akaishika tai yake, akailegeza. Akasema nyumbani hakuna mtu. Mkewe ni nesi, amehamishiwa Kasulu tangu Desemba, na yeye hajui hata kuchemsha chai, inatoka kama maji ya mto. Akasema jioni huwa anabaki ofisini kwa sababu huku angalau anasikia kelele zetu.

Nikasimama mpaka mwisho. Kanuni ilikuwa imefutwa, lakini nilisimama. Halafu akakohoa, akafunga tai, akaniambia nikasome.

Mpango umekufa. Niyonzima bado hajaulizwa.

Ijumaa, 14 Februari

Nimetoka msikitini mjini nimelowa. Nikapita nyuma ya jiko, na hapo nikaona jambo la aibu kabisa.

Firdausi! Amekaa juu ya kuni kando ya Niyonzima, anatafuna hindi la kuchemsha. Akamkatia kipande. Kisha, bila kamati, bila kanuni, bila hata kumeza vizuri, akamuuliza: we Niyo, mbona umekonda, una nini?

Niyonzima akamwambia.

Hivihivi! Hindi halijaisha! Mimi nimesimama kwenye kona, maji yananitiririka kisogoni, nasikia kila kitu. Bibi yake, aliyemlea tangu mchanga, ameanguka akaumia mguu. Hawezi kushika jembe. Mvua za kupandia maharage ndizo hizi, na shamba liko tupu. Shangazi yake yuko Kasulu na bado hajapata habari. Kwa hiyo Niyonzima ameamua kuacha shule. Begi ameshalifunga. Anaondoka kesho.

Firdausi akauliza kama Bwana Salamu anajua. Niyonzima akasema alitaka mimi niwe wa kwanza kujua, tangu Jumatatu, lakini kila akija nina kazi ya kumsaidia mtu fulani.

Nikajitokeza. Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilisema kompasi. Firdausi akanitazama kutoka kwenye kofia mpaka kwenye viatu, akasema haya profesa, lia baadaye, sasa twende kwa Mwalimu Asia. Akatushika mikono wote wawili kama wadogo zake. Mwalimu Asia akaenda kwa Mkuu. Mkuu akasikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi, 15 Februari

Kitahana. Kidato cha tatu kizima na majembe ya shule, Mwalimu Asia mbele kwa gambuti, Mkuu nyuma bila tai. Tumelima na kupanda shamba lote. Mama Tunu alikuja na sufuria, akadai goti limepata nafuu tangu Jumatano. Mkuu alimpigia simu shangazi mwenyewe. Atakuja kukaa na bibi, na Niyonzima ameruhusiwa kwenda nyumbani kila Jumamosi. Begi lake limefunguliwa. Nimeliona mwenyewe, nguo ziko kwenye sanduku.

Bibi alikuwa amekaa mkekani, mguu umefungwa kanga, umevimba kama mgomba. Tukamsalimia kwa kupiga makofi polepole, kama wanavyosalimiana watu wa huku. Mwalimu Asia akamuuliza kwa Kirundi, amakuru? Habari gani? Bibi akatabasamu, meno mawili, akajibu ni meza. Nzuri tu.

Darasa zima likageuka kunitazama.

Mchana tulipumzika kwenye tuta, mimi na Niyonzima. Alikula sahani mbili. Halafu akanigeukia akaniuliza: na wewe Muda, hali yako?

Hali yangu. Viganja vina malengelenge. Jana nilipoliona lile begi nilifikiria kitanda kitupu kando yangu, na dawati, na ile nguzo, na watu wote wanacheka, na sikupata usingizi. Nilitamani kumwambia asiondoke kamwe. Nilitamani kumwomba radhi kwa Jumatatu na Jumatano.

Nikajibu nzuri.

Niyonzima akanitazama, akacheka kidogo, akanimegea ugali wake.

Jumapili, 16 Februari

Jua! Dawa ya kunguni imefika kutoka wilayani. Mtoto wa jino ameng'olewa, anawaonyesha watu pengo bure. Niyonzima amekula asubuhi, amekula mchana.

Nimekaa na kuutafakari mpango wangu wote kwa makini. Nimegundua ulikuwa mzuri, ila ulikosa kanuni za kutosha.

Limebaki jambo moja. Nataka kumwambia Firdausi ahsante. Yuko pale uwanjani, namwona dirishani, anadaka mpira. Ni mwendo mfupi na neno moja. Nimetoka mara mbili. Mara ya kwanza nilifika kwenye nguzo. Mara ya pili nilimfikia kabisa, nikamuuliza kama ameiona kompasi yangu.

Lakini nimepata njia. Wiki ya Shukrani! Shule nzima, walimu, wapishi, hata Mkuu. Kila mtu atalazimika kumshukuru kila mtu, kwa zamu, mstarini. Kati ya watu wote hao, hawezi kukosekana mmoja wa kumshukuru Firdausi.

Niyonzima amekuja, anauliza ninaandika nini. Nimemwambia asubiri kidogo.